Pingili ya muhogo huota, pezi la sato je?

Mdogo wangu, umeuliza: kama seli zote za sato zina jeni (maagizo ya urithi) zilezile, inakuwaje jicho na gamba vitofautiane? Tofauti ni jeni zipi zimewashwa, zipi zimezimwa. Kiinitete, yaani kiumbe kinachoanza kuumbika, kikikua, seli hupeana ishara za kemikali. Seli ikishakuwa ya misuli, kwa kawaida hairudi nyuma. Chembe nyekundu za damu yetu hata kiini, sehemu inayotunza jeni, hukitupa, zipate nafasi ya kubebea oksijeni. Za sato hubaki nacho. (Mkiwa na darubini shuleni, nunueni sato mbichi pale sokoni Kirumba, Mwanza, mjionee.)

Mimea ndiyo mibishi. Pingili ya muhogo ukiichomeka shambani Sengerema, baadhi ya seli zake huacha kazi ya zamani, hugawanyika upya na kuwa mizizi. Pezi haliwezi kutoa sato mzima.