Baa 11 kati ya 12: betri ya Leaf hii ina nini kilichobaki?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Mukono na nafundisha Nakawa. Nimepata gari la umeme, Nissan Leaf ya mwaka 2014, kwenye bondi moja (yadi ya magari yaliyoagizwa) hapa Kampala, ile ya betri ya kilowati-saa 24, imetoka Japani. Kwenye dashibodi kuna baa 11 kati ya 12, na muuzaji anasema hesabu ni rahisi, 11 gawa kwa 12, betri ina asilimia 92. Ikiwa imejaa chaji iliandika kilomita 131. Nilipoizungusha dakika kumi tu ikashuka hadi 117, nikaogopa. Muuzaji naye akanionyesha tangazo la Kijapani linalosema gari hili linakwenda kilomita 228. Nishike namba gani? Kila siku nakwenda kazini na kurudi, na Jumapili nakwenda Jinja kumwona mama.

JIBU: Salama, mwalimu. Hiyo 228 ni ya kweli, ila si ya barabara zetu. Imetoka kwenye kipimo cha JC08, utaratibu waliokuwa wakiutumia Wajapani kupima magari kwenye mashine ndani ya maabara: mwendo wa pole, gari jipya, betri mpya. Wamarekani walipima gari hilohilo la 2014 kwa utaratibu wao, wakaandika maili 84, yaani kilomita 135. Mimi kwa barabara ya Jinja nawaamini Wamarekani, na hata hiyo 135 ni ya gari lililotoka kiwandani jana.

Ile 131 nayo ni ubashiri. Kompyuta inachukua umeme uliobaki, inatazama gari limekuwa likila umeme kiasi gani siku za karibuni, inagawanya, inakuandikia kilomita. Sasa gari la bondi limeendeshwaje siku za karibuni? Limesogezwa mbele kupisha Noah, limerudishwa nyuma, limezungushwa uani kwa mwendo wa mguu, kiyoyozi kimezimwa. Kwa ulaji huo lazima lijisifu. Wewe ukaliingiza barabarani, ukawasha kiyoyozi, ukakanyaga ukipanda kilima, nalo likarekebisha hesabu. Umeme wa kilomita 14 haujavuja popote. Ungeteremka nalo Muyenga kuelekea Kabalagala ungeona kilomita zinaongezeka, maana kwenye mteremko mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Kwa hiyo usinunue Leaf kwa kutazama kilomita za dashibodi, na usiikatae kwa sababu hiyo.

Tuje kwenye baa, maana hapo muuzaji amekosea, au amekusudia kukosea. Zile baa nyembamba zilizo kulia kabisa mwa kipimo cha chaji zinaonyesha betri imebaki na uwezo gani ukilinganisha na ilipokuwa mpya. Lakini hazina uzito sawa. Baa ya kwanza haizimiki mpaka betri ipoteze asilimia 15 hivi. Baada ya hapo kila baa ni asilimia 6 na robo. Ukiona 11, ujue betri iko kati ya 79 na 85. Ukiona 10, iko kati ya 72 na 79. Tisa, kati ya 66 na 72. Hiyo 92 ya muuzaji haipo. Nissan wenyewe walipotoa dhamana ya uwezo wa betri, baada ya wenye Leaf wa Arizona kulalamika mwaka 2012 kwamba joto limewala baa, mpaka waliouweka ulikuwa baa tisa. Zikishuka chini ya hapo, wanashughulikia. Gari lako lina miaka mingi kupita dhamana yoyote, lakini ni vizuri kujua kiwanda chenyewe kiliona ubovu unaanzia wapi.

Nimetaja joto kwa sababu betri ya Leaf haina maji ya kuipoza wala feni. Inapoa kwa hewa inayopita chini ya gari basi. Joto pamoja na kukaa imejaa chaji siku nyingi ndivyo vinavyoizeesha, hata kama gari halitembei. Kampala tuko juu karibu mita 1,200 na joto la mchana kwa kawaida liko chini ya nyuzi 30, kwa hiyo kwetu betri inastarehe kuliko Dubai. Gari linaloshinda juani limejaa asilimia 100 kwa miezi, kama magari mengi ya bondi, ndilo linaloumia. Ukilichukua, siku za kawaida lijaze mpaka 80, na ujaze 100 usiku wa kuamkia safari.

Sasa, baa zenyewe zinaweza kudanganywa. Wako mafundi wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri. Baa zote 12 zinarudi, na kwa wiki kadhaa gari linaonekana jipya, mpaka kompyuta ijifunze upya ukweli wa betri ileile. Ni mgonjwa aliyebadilishiwa faili. Gari la zamani kama hili likiwa na baa 12 ningelishuku kuliko lako lenye 11.

Ndiyo maana kuna vipimo viwili ambavyo siachi kuvifanya.

Cha kwanza ni cha seli. Betri yako ina jozi 96 za seli zilizofungwa mfululizo, kama tochi iliyotiwa mawe 96. Zikijaa, kila jozi inasoma karibu volti 4.1. Kwa kuwa zimefungwa kwenye mstari mmoja, iliyochoka kuliko zote ndiyo inayoamua safari: ikifika chini, kompyuta inazuia betri nzima ili isiiue, hata kama zile 95 bado zina umeme. Tafuta kidude cha OBD cha Bluetooth, kile kinachosoma kompyuta ya gari, kichomeke chini ya usukani, na kwenye simu weka programu ya LeafSpy. Itakupa asilimia ya afya ya betri bila kuzungushazungusha baa, idadi ya mara gari lilichajiwa kwa chaji ya haraka, na michirizi 96, mmoja kwa kila jozi.

Hapa watu wengi hukosea, na mimi nilikosea kwa aibu. Mteja wangu aliniita nimkagulie Leaf, imejaa kabisa. Nikachomeka kidude, michirizi yote imelala sawa kama nyasi zilizofyekwa, tofauti kati ya ya juu na ya chini milivolti 12. Nikamwambia chukua. Wiki ya tatu akanipigia simu kutoka Najjembe, katikati ya msitu wa Mabira. Alikuwa amezunguka mjini asubuhi kisha akashika njia ya Jinja. Chaji ilisoma asilimia 28, akakanyaga kulipita lori la miwa, alama ya kobe ikawaka na gari likaanza kutambaa. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye boneti anakula gonja, ndizi ya kuchoma, amenuna. Nikachomeka kidude kilekile: jozi moja imezama kama jino lililong'oka, milivolti zaidi ya 200 chini ya wenzake. Betri ikijaa, seli mgonjwa anafanana na mzima. Ni chaji ikishuka karibu na robo ndipo anajulikana.

Kwa hiyo mwambie muuzaji aliendeshe mpaka 20 au 25, ndipo uchomeke kidude, mtafute kilima, ukanyage sana huku mtu wa pembeni akitazama simu. Michirizi yote itashuka kidogo kwa pamoja. Hiyo ni kawaida. Mmoja akizama peke yake kwa milivolti 100 na zaidi, na kila ukirudia ni yeye yule, mimi silinunui gari hilo mpaka bei ishuke kiasi cha kulipia kazi ya kufungua betri na kubadilisha seli. Muuzaji akikataa kulishusha chaji, hilo nalo ni jibu.

Kipimo cha pili hakihitaji simu. Kinahitaji mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla. Yuniti moja ya Yaka ni kilowati-saa moja, kwa hiyo mita ya nyumbani ni mzani mzuri wa betri, na hauwezi kuchezewa na aliyefuta kumbukumbu ya gari. Likiwa na chaji asilimia 20, zima friji, pasi na kila kitu kwenye mita hiyo, andika yuniti zilizobaki, chomeka gari mpaka lijae. Lipa wewe hizo yuniti wasipate sababu ya kukataa. Tuseme mita imekula yuniti 15.6. Njiani sehemu fulani hupotea kama joto kwenye waya na chaja, mimi hukata asilimia 13. Kilichoingia kwenye betri ni kama 13.6. Hicho kimejaza asilimia 80, basi betri nzima inabeba 17. Mpya ilikuwa ikitumika kama 21, ingawa imeandikwa 24, maana kiwanda huacha akiba juu na chini isiyoguswa. Kumi na saba kwa 21 ni asilimia 81. Hapo baa zako 11 zinakuwa zimesema kweli. Ikila yuniti 12 tu, mshukuru muuzaji kwa muda wake, uende zako.

Tuchukue hiyo 17 tuitembeze barabarani kwako. Leaf hii, kwa mwendo wa kawaida wa mchanganyiko, inakula yuniti 15 hadi 16 kwa kilomita 100. Ukienda 100 kwa saa kwenye njia ya haraka ya Entebbe itapanda hadi 18 au zaidi, kwa sababu upepo haukusamehe: mwendo ukiongezeka mara mbili, upepo unakusukuma nyuma mara nne. Foleni ya Kireka hadi Nakawa, inayomfilisi mwenye petroli, kwako si kitu. Gari likisimama mota haili. Kinachokula ni kiyoyozi, na saa mbili za foleni nacho kimewashwa zinaweza kukupunguzia kama kilomita 10.

Kwa hiyo 17 inakupa kilomita 106 hadi 113 mpaka kobe. Mimi humwachia kobe kilomita 20 zake, nahesabu 90. Mukono hadi Nakawa na kurudi ni kama 35. Utakwenda kazini siku mbili ndipo uchomeke, na hata miaka ijayo betri ikishuka hadi asilimia 60, bado utafika darasani na kurudi kwa chaji moja. Kwa kazi hiyo, kama seli zimelingana, nakwambia nunua.

Mambo mawili ya haraka kabla ya Jinja. Leaf ina betri nyingine ndogo ya volti 12 chini ya boneti, kama ya gari lolote. Ikifa, gari haliwaki kabisa hata betri kubwa ikiwa imejaa, na watu wamewahi kuuza Leaf nzima kwa bei ya vyuma chakavu kwa sababu hiyo. Ipime kwanza. Pili, waya wa kuchajia uliokuja na gari ni wa Japani wa volti 200 na plagi yake si ya kwetu. Usiubandike plagi ya pasi. Mlete fundi umeme avute waya mnene kutoka kwenye fyuzi hadi soketi ya peke yake, yenye ethi (waya wa ardhini) ya kweli, na uchaji kwa ampea 10. Soketi ya ampea 13 inayobeba mzigo kwa saa saba mfululizo huyeyuka taratibu. Nimeona nyingi zimegeuka kahawia.

Jinja ndiyo inayohitaji akili. Kutoka kwako ni kama 60, kwenda na kurudi 120, na betri hii haikupi 120. Usipange safari kwa kutegemea chaji ya haraka ya njiani. Panga kama vile hakuna. Ukienda kwa 80, utakula yuniti kama 10 na kufika na 7. Kurudi unahitaji 10 tena. Soketi ya ampea 10 inaingiza kama 2 kwa saa baada ya kilichopotea, kwa hiyo ukichomeka mara tu unapofika, ukakaa kwa mama saa tatu, unaondoka na 13 na unafika Mukono na akiba ya 3. Kaa saa nne, safari inakuwa ya raha. Ile soketi yenye ethi utaifunga mbili basi, moja kwako na moja kwa mama, na kila Jumapili umnunulie Yaka kabla hujachomeka, yuniti kumi kwenda juu, usije ukaondoka na umeme wake akabaki anakula gizani.