Nani Aliliangusha Daraja la Kyaka?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, hivi karibuni nilisafiri kwa basi kutoka Masaka kwenda Bukoba. Tulipovuka Mto Kagera pale Kyaka, mzee mmoja aliniambia kwamba daraja la mpakani la zamani lilivunjwa na ndege za Idi Amin. Je, ni kweli? Na jeshi la Tanzania lilivukaje baadaye?
Msomaji, Masaka

JIBU: Ndugu msomaji, mzee wako hakukosea sana. Mwanzoni mwa Novemba 1978 ndege za Uganda zilijaribu kweli kulipiga daraja hilo kwa mabomu, lakini halikuanguka. Lililoliangusha tarehe 3 Novemba ni baruti, iliyotegwa na jeshi la Uganda kwa msaada wa mtaalamu kutoka migodi ya shaba ya Kilembe, wilayani Kasese. Kazi ya kupasua miamba, ambayo wachimba madini huijua kuliko marubani, ndiyo iliyofanikiwa.

Siku mbili kabla ya hapo, Amin alikuwa ametangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto ni ya Uganda na kwamba Kagera ndiyo mpaka mpya. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akajibu kwamba Tanzania inayo sababu ya kumpiga, inayo nia na inao uwezo. Kwa maoni yangu, kulivunja daraja kesho yake kulikuwa kukiri kwamba jibu hilo limeaminiwa, kwa maana daraja lilikuwa njia kuu ya kupitishia magari mazito kutoka kusini.

Kuhusu kuvuka, wahandisi wa Tanzania walitandika daraja la muda la aina ya Bailey, lililobuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Fremu zake za chuma, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 3, hubebwa na watu sita, huunganishwa kwa pini, kisha daraja zima husukumwa juu ya magurudumu hadi ng'ambo, pasipo winchi wala nguzo za majini. Kabla Novemba haijaisha askari walikuwa wamekwisha kuvuka, na mwezi Februari 1979 walikuwa wameuteka mji wako wa Masaka.

Jambo moja zaidi: Kyaka haikuwa mpakani. Mpaka uko Mutukula, kilomita zipatazo 30 kaskazini ya mto, ukifuata mstari ulionyooka wa latitudo ya nyuzi 1 kusini ambao Waingereza na Wajerumani waliukubali mwaka 1890.