Wakipitisha njia ya baiskeli mbele ya duka langu, wateja wa magari watapaki wapi?

Mjomba shikamoo. Mi nina duka la vitambaa hapa Tanga mjini, nimelirithi kwa marehemu baba. Kwenye kikao cha mtaa tumeambiwa kuna wazo la kutenga njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu kwenye barabara yetu, sasa sehemu ya kupaki mbele ya maduka itapungua. Wateja wangu wa harusi wanakuja na magari toka Muheza, toka Korogwe, wakikosa pa kupaki si watapitiliza? Baiskeli sizipingi, nimekua nazo, ila nna mkopo na ada za watoto. Kuna karatasi ya kupinga inazunguka, nisaini?
— Mwenye duka

Marahaba mwanangu. Usisaini kwanza. Kesho chukua daftari, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, kila nusu saa pita uandike zile tarakimu tatu za pleti za magari yote yaliyopaki mbele ya maduka yenu. Jioni kaa uangalie. Namba iliyotokea mara moja au mbili, huyo mteja. Namba iliyotokea mara kumi na tano huyo kashinda pale, na wengi wao ni wenye maduka wenyewe na watu wa ofisi za juu, na kama gari lako nalo linalala hapo mlangoni kutwa basi jihesabu, maana yule bi harusi wa Korogwe kakosa nafasi kwa sababu yako na wala baiskeli hazijafika bado.

Kulikuwa na profesa Marekani, Donald Shoup, alifundisha chuo kikuu Los Angeles, kafariki 2025. Maisha yake yote kayatumia kwenye jambo hili hili la kupaki. Alisema bei ya kupaki ipangwe hivi kwamba kila upande wa mtaa ibaki nafasi moja au mbili wazi muda wote, na hela inayokusanywa irudi kwenye mtaa huo huo. Hapo nakubaliana naye kabisa. Ushuru tunaolipa ukirudi kama njia nzuri ya miguu na miti ya kivuli (na jua letu la Januari unalijua), nani atalalamika?

Sasa vipimo, maana vikaoni watu wanabishana bila futi. Gari likipaki kichwa kikitazama duka linakula kama mita 5 za barabara. Likipaki ubavu linakula kama 2.2. Hapo umepata karibu mita 2.8, njia ya baiskeli ya mita 1.8 inaingia na inabaki mita moja ya mlango wa gari kufunguka bila kumbamiza mtu. Sikufichi, nafasi zitapungua nusu au zaidi, kwa sababu gari la ubavu linataka urefu wa mita 6 hivi. Ndo maana nasema kwanza watoke wanaoshinda, waende kupaki mitaa ya nyuma watembee dakika tano. Na nafasi moja ya gari inaingia baiskeli nane mpaka kumi, yaani wateja nane mpaka kumi, na huu mji wetu tambarare, mama anatoka Ngamiani na baibui lake na kikapu mbele, anaona kitenge dirishani anashuka hapo hapo. Mwenye gari mpaka azunguke ashapoteza hamu.

Kwenye kikao dai haya: nafasi mbili tatu za nusu saa tu kwa wateja, saa maalum asubuhi za fuso kushusha mzigo, chuma za kufungia baiskeli mbele ya maduka, na nguzo za zege. Nguzo usiziachie! Rangi peke yake kesho yake ishakuwa kijiwe cha bodaboda, na Dar nako pembeni ya barabara ya mwendokasi utawaona bodaboda wamejaa kwenye njia za watu.

Mjomba, mwanangu wa darasa la sita anaenda shule na baiskeli kupitia mjini. Nimwambie apande juu ya njia ya miguu?
— Mama Chumbageni

Hapana dada. Pale juu kuna wazee na wenye vitoto mgongoni, kama anataka kupita huko ashuke akokote. Barabarani mwambie akae mita nzima mbali na magari yaliyopaki, na aangalie vichwa, akiona mtu yumo ndani ya gari apunguze mwendo ajue mlango waweza kufunguka. Kwenye makutano bajaji inakata kona bila kumwona, kwa hiyo asimame kabisa, amtazame dereva usoni ndo apite. Jumapili asubuhi mji umetulia, pita naye njia nzima mara mbili tatu umwoneshe.