Kidole hakitambui saratani

Wewe unayeanza kazi kwenye kliniki ya wanyama, siku si nyingi utaletewa mbwa mwenye kinundu, na mwenyewe atakuuliza hata hujamgusa: "Daktari, ni saratani?" Usijibu haraka.

Mimi nilijibu haraka. Mbwa jike wa miaka minane alikuwa na uvimbe ubavuni, laini, unateleza chini ya ngozi. Nikaubonyeza mara mbili, nikamwambia mama mwenye mbwa ni mafuta tu, aende nyumbani. Baada ya miezi minne wakarudi: uvimbe umepasuka, unavuja damu, mtoki umejaa. Ilikuwa saratani ya seli za masti, yaani seli za kinga zinazokaa kwenye ngozi, ambayo kwa kidole huwezi kuitofautisha na mafuta. Yule mama alichelewa kwa sababu alinisikiliza.

Tangu hapo kila uvimbe nauchoma sindano. Chukua sindano nyembamba, geji 22, na bomba la mililita 5. Ushike uvimbe kwa vidole viwili, ingiza, vuta, achia mvuto kabla ya kuchomoa, kisha pulizia ulichopata juu ya kioo. Mbwa wengi hata hawashtuki. Paka rangi ya Giemsa, tazama kwenye hadubini: seli za masti utazijua kwa punje zake za zambarau. Na uvimbe unaokua leo ukanywea kesho usiufinyefinye, maana seli hizo zikiminywa humwaga histamini, kemikali inayovimbisha ngozi.

Ukanda wetu wa Pwani una jambo lake. Ukiona vinundu vingi tumboni na miguuni, tafuta tundu katikati. Ncha nyeupe ikichezacheza, huyo ni funza wa nzi anayetaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo zenye unyevu. Paka vaselini nene uzibe tundu. Akikosa hewa atachungulia. Hapo bana pande zote mbili, taratibu, atoke mzima, kwani akikatikia ndani patatunga usaha. Waulize kama watoto wa nyumba hiyo nao wana majipu, na uwaambie nguo zote zipigwe pasi.

Chunjua mdomoni mwa mbwa mdogo husababishwa na virusi, na mara nyingi huisha zenyewe ndani ya miezi michache. Kinyama kama koliflawa sehemu za siri, kinachotoa damu, kwa mbwa anayezurura, mara nyingi ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Hiyo huitikia vizuri vinkristini (dawa ya saratani) ya kila wiki kuliko kisu. Matiti ya jike ambaye hajafungwa kizazi yapapase moja moja kila akija.

Tena, hakikisha unachokishika ni uvimbe kweli. Nimeletewa dume aliyevutwa chuchu mpaka damu, wenyewe wakidhani ni kupe.

Pima kwa rula, andika milimita na tarehe, chora mbwa kwenye kadi uweke alama mahali penyewe. "Kadogo" ya kwako si kadogo ya mwenzako wa zamu ijayo.

Na ukikata, peleka maabara. Formalini asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa nyama, kwenye chupa ya mdomo mpana. Nyama ikishakaa humo hukakamaa, na ukiitia kwenye chupa ya mdomo mwembamba, fundi wa maabara atalazimika kuikatakata ili aitoe, na kingo ulizotaka azitazame zitakuwa zimeharibika.