Mfumo ulijaribiwa "kwa" wakulima au "na" wakulima?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, nasomea uhandisi wa programu za kompyuta, na nimerudi nyumbani Masasi kumalizia utafiti wangu. Nimetengeneza programu ya simu: karani wa chama cha msingi cha ushirika anaingiza kilo za korosho alizopokea, na mkulima anapata ujumbe papo hapo. Ripoti ni ya Kiingereza, ila nimeandika muhtasari wa Kiswahili ili viongozi wa chama nao wausome. Niliandika hivi: "Mfumo ulijaribiwa kwa wakulima na kuthibitishwa kuwa hauna kasoro." Msimamizi wangu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Nani kamjaribu nani?" Nimekosea wapi? Na je, ni data hii au data hizi?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako ana haki ya kuuliza, maana sentensi yako haisemi.

Katika kauli ya kutendwa, mtenda hutajwa kwa "na": korosho zimeliwa na ngedere. "Kwa" ina kazi nyingine. Hutaja kifaa au namna, kama mti uliokatwa kwa panga, au hutaja mahali pa mtu, kama tulipolala kwa mjomba. Ukisema programu "ilijaribiwa kwa wakulima", msomaji ana njia mbili za kukuelewa, na zote hazikufai: ama wakulima walikuwa kifaa chako, ama ulikwenda majumbani kwao ukajaribia huko. Ikiwa ulimpa mtu simu akabonyeza mwenyewe, wewe ukakaa pembeni ukiandika anapokwama, basi aliyejaribu ni yeye, na kihusishi ni "na". Ikiwa ulibonyeza wewe huku wao wakitazama, hayo ni maonyesho, na uyaite hivyo.

Lakini soma tena maelezo yako mwenyewe. Anayeingiza kilo ni karani. Mkulima anapokea ujumbe tu. Basi hata "ilijaribiwa na wakulima" bado haijakaa sawa. Ningeandika: "Programu ilijaribiwa na makarani wa chama, na wakulima waliulizwa kama ujumbe waliopokea unaeleweka." Sentensi ni ndefu kidogo, lakini kila mtu yuko mahali pake. Watu wa fani yako hupenda kumtaja Jakob Nielsen, aliyeandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano hutosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya utumiaji. Watano hao ni watu walioishika programu mikononi. Waliohudhuria mkutano wa chama wakanyoosha mikono kusema ni nzuri hawahesabiwi.

Na kwa kuwa tupo hapo hapo: unachofanya ni majaribio. Naona wanafunzi wengi wakiandika "majaribu ya mfumo". Majaribu ni yale tunayoomba kwenye sala tusitiwe ndani yake.

Tuje kwenye "kuthibitishwa kuwa hauna kasoro". Hapa sarufi haina tatizo, tatizo ni dai lenyewe. Mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alikwisha kusema tangu mwaka 1969 kwamba majaribio ya programu huonyesha kuwa kasoro zipo, hayaonyeshi kuwa hazipo. Kuthibitisha ni kitenzi kizito. Baada yake hakuna la kubishania. Ulichokipata wewe ni kwamba siku hizo, kwa simu hizo na makarani hao, hukuona kasoro. Kiswahili kinakuruhusu kusema hivyo hivyo bila kujidhalilisha: "Katika majaribio hayo hazikuonekana kasoro." Linganisha "hauna" na "hazikuonekana". Ya kwanza inaapa juu ya programu yenyewe, leo na kesho. Ya pili inaeleza kilichotokea, na inakuacha salama siku programu itakapogoma katikati ya msimu.

Wengine hukimbilia "kuhakiki" wakidhani ni kuthibitisha kwa upole. Kuhakiki ni kulinganisha kitu na kingine kinachojulikana, kama majina yanavyohakikiwa kwenye daftari la wakulima kabla ya mgawo wa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Ukichukua kilo zilizomo kwenye programu ukazipitisha mojamoja dhidi ya kitabu cha stakabadhi cha karani, umehakiki. Kama hapakuwa na kitabu cha kulinganishia, neno hilo liache.

Sasa nije kwenye neno ambalo msimamizi wako hakulizungushia wino, nalo kwangu ndilo la hatari kuliko yote: "mfumo". Darasani mfumo ni programu, hifadhidata na vyote vinavyoshikana navyo. Masasi, Newala, Tandahimba, hata ukivuka kwenda Ruangwa na Nachingwea, mfumo ni stakabadhi ghalani, yaani ule utaratibu wa mkulima kupeleka korosho ghalani, kupewa stakabadhi na kusubiri ziuzwe mnadani. Neno hilo limekaa kwenye vinywa vya wakulima wa korosho tangu msimu wa 2007/2008 ulipoanza mkoani Mtwara. Mtu akisema "mimi mfumo siutaki" hazungumzii simu. Anazungumzia ghala, mnada, makato na pesa inayochelewa kuingia.

Basi mfikirie mzee ameketi na dodoso lako, na swali linasema: "Je, mfumo ni rahisi kutumia?" au "Je, umeridhika na mfumo?" Atajibu kwa moyo wote. Atakupa alama moja kati ya tano kwa sababu malipo yake ya mwaka jana yalikatwakatwa, na wewe utarudi chuoni ukaandika kwamba programu yako haina urahisi wa kutumika. Mwingine aliyeuza kwa bei nzuri atakupa tano, nawe utashangilia. Majibu yote mawili ni ya kweli, ila hakuna hata moja linalohusu ulichotengeneza. Hesabu ya takwimu haiwezi kukuokoa hapo. Kama dodoso bado hujaligawa, futa "mfumo" kila ulipo, uandike "programu hii ya kwenye simu", na swali uliulize simu yenyewe ikiwa mezani. Kama umekwisha kuligawa, rudi kwa wachache uwaulize walimaanisha nini, kisha ulieleze hilo kwenye sehemu ya mipaka ya utafiti. Hata muhtasari wako, kwa kuwa utasomwa na viongozi wa chama, usianze na "Mfumo ulijaribiwa". Watadhani serikali imeleta jambo jipya.

"Kupima" nako kuna mitego yake, kwa sababu kuanzia Oktoba neno hilo huko kwenu ni la mizani. Wewe litumie kwa kitu chenye kipimo: "tulipima muda ambao karani hutumia kuingiza mzigo mmoja." Usiseme "tulipima programu". Karani atakuuliza ilikuwa kilo ngapi.

Data: neno hili liko katika ngeli ya I-ZI, umoja na wingi vina umbo moja, kwa hiyo "data hii" na "data hizi" zote ni Kiswahili. Kwenye utafiti napendelea "hizi", maana unazungumzia rekodi nyingi zilizoingizwa mojamoja. Usizichanganye na takwimu. Kilo alizoingiza karani ni data. Wastani wa kilo kwa kila mkulima ni takwimu. Ukichagua "hizi", basi vitenzi navyo vifuate: data hizi zilikusanywa, zikahakikiwa, zikachambuliwa. Kwenye kurasa ulizonitumia, ukurasa wa pili una "data hii zilikusanywa", na hapo msimamizi wako wino ulikuwa umemwishia.