Malori ya Lubumbashi–Kalemie: je, setilaiti inahitajika kweli?

Papa, swali lako nimelishika hivi. Una malori yanayotoka Lubumbashi kupitia Kasomeno na Pweto hadi Kalemie. Kifaa ulicho nacho kinakuonyesha gari mpaka linapouacha mnara wa mwisho, halafu kimya, pengine hadi kesho yake. Muuzaji anakushauri kifaa chenye laini ya simu na setilaiti kwa pamoja. Mwanao anasema weka Starlink, ile intaneti ya setilaiti, juu ya kabini yaishe. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Kampemba, Lubumbashi, vifaa hivi ndivyo ninavyofunga, basi nitasema ninayoyakuta kwenye magari.

Kuna mmoja kwenye mjadala huu amesema gari lake "tayari lina setilaiti kwa sababu lina GPS". Hapana. GPS ni ya kusikiliza tu: kifaa kinapokea mawimbi kutoka juu na kupiga hesabu ya mahali kilipo. Kukuletea wewe habari hiyo ni kazi nyingine, na kwenye vifaa vingi inapita kwenye minara ya simu. Lori likishapita Kasomeno linajua vizuri lilipo; wewe ndiye hujui. Kifaa kizuri huweka kila nukta ya mahali kwenye kumbukumbu na kuzimwaga zote rezo, yaani mtandao wa simu, ikirudi. Kama unataka tu kujua shofele (dereva) alipita wapi na alilala wapi, hicho kinatosha, usilipe hata faranga moja ya setilaiti. Nasema hivyo ingawa nakula kwa kufunga.

Setilaiti ni ya habari isiyoweza kungoja: lori limepinduka, mafuta yanavutwa usiku, dereva amebonyeza kitufe cha hatari. Kwa kazi hiyo vifaa vingi hutumia mtandao wa Iridium, wenye setilaiti 66 zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 780 hivi. Antena ya kwenye gari ni ndogo, haihitaji kuelekezwa popote, na masafa yake hayasumbuliwi sana na mvua. Ila njia yenyewe ni nyembamba. Kwa modemu ndogo za magari, ujumbe mmoja unaotoka hauzidi baiti 340. Mahali, saa, kasi na hali ya gari vinaingia na nafasi inabaki. Picha ya kamera, sahau.

Sasa pale njia mbili zinapoungana ndipo pesa inapopotelea, na ndipo wauzaji wasipopenda kuulizwa. Vifaa vya bei rahisi huamua kwa kuangalia nguvu ya mawimbi: mistari ipo, basi natuma kwa simu. Nani hapa hajui rezo iliyopo lakini haipitishi kitu? Mnara umesimama, mawimbi yanatoka, lakini umelemewa, au njia yake ya kwenda mjini imekatika. (Minara mingi ya vijijini yenyewe hutegemea setilaiti kufika mjini, wengi hawalijui hilo.) Kifaa kinajiona kiko hewani, hakigusi setilaiti, na ujumbe wa ajali unabaki ndani ya gari. Mpakani Kasumbalesa kuna lingine: kinanasa mnara wa Zambia wakati laini haijaruhusiwa kutumika nje, kinabaki kinabisha hodi tu.

Kifaa cha maana kinangoja jibu la seva, ile kompyuta inayopokea habari zake. Kimetuma, hakijapata uthibitisho katika muda uliowekwa, kinahamia juu kwenye setilaiti. Na kisirudi kwa simu kwa sababu ya mstari mmoja uliochungulia. Kirudi baada ya kutuma mara kadhaa bila kukwama, la sivyo kwenye mipaka ya rezo kitaruka huku na huku na bili itapanda. Muulize muuzaji wako hilo kabla ya bei. Akianza kukusomea idadi ya setilaiti, ondoka.

Muulize pia programu yake inapangaje habari. Ya dharura inapita juu na kufika leo, zile za kumbukumbu zinafika kesho. Programu ikizipanga kwa saa ya kupokelewa badala ya saa ya GPS, utaona lori lililofika Pweto limeruka kurudi Kasomeno. Nimeshasikia shofele akitukanwa kwenye simu kwa safari ambayo hakuifanya.

Kwa barabara ya Likasi na Kolwezi mimi sifungi setilaiti. Laini mbili za kampuni tofauti katika kifaa kimoja zinamaliza sehemu kubwa ya kilio. Barabara yako ya Pweto ni habari nyingine.

Starlink ilipewa leseni na ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, Mei 2025, baada ya kupigwa marufuku mwaka uliotangulia. Ile sahani ndogo inakula wati 25 hadi 40 na inakubali umeme wa lori wa volti 24, kwa hiyo kufungika inafungika. Lakini inataka anga pana, miti ikifunika barabara inakatika, mvua kubwa pia inaisumbua, na lazima uchukue kifurushi kinachoruhusu kutumia gari likiwa linatembea. Kwa shofele kupiga simu nyumbani jioni au kutuma picha za hati, ni nzuri sana. Kwa kutuma baiti mia moja za mahali gari lilipo, ni kukodi lori zima kupeleka barua.

Kuhusu chipu moja inayoongea na mnara na setilaiti pia: kanuni zake ziliingia katika toleo la 17 la 3GPP, shirika linalopanga viwango vya simu, mwaka 2022, na huko Marekani kampuni ya simu ya T-Mobile ilifungulia wateja huduma ya kutuma ujumbe wa simu kwa setilaiti Julai 2025. Itatufikia. Usinunue leo kwa ahadi hiyo.

Ukifunga, antena ikae juu ya kabini, si chini ya bati, na kifaa kiwe na betri yake ndogo, maana mwizi huanza na kukata betri ya gari. Kitufe cha hatari mwonyeshe shofele mwenyewe, akijaribu mbele yako mpaka ujumbe ufike kwenye simu yako. Asiyeelezwa huona amewekewa mpelelezi, na karatasi ya alumini ya kufunika antena haikosekani njiani.

Ile karatasi ya bei uliyopewa iweke hapa, ufute jina la kampuni. Nataka kuona kama ujumbe wa setilaiti wanautoza mmoja mmoja au wanakukata kwa mwezi hata lori likilala gereji.