Watoto wasiojua kuogelea: Nungwi, Kendwa au Jambiani?

Dada, umeuliza uende ufukwe gani Unguja likizo ya Desemba na watoto wawili wasiojua kuogelea, na karibu wote wamekujibu Nungwi. Mimi ni mtu wa Jambiani. Kabla sijakutajia ufukwe, angalia kwanza mwezi utakuwa na siku ngapi ukifika.

Huku mashariki, kuanzia Matemwe kushuka mpaka kwetu, mawimbi yanavunjikia mbali kwenye mwamba, na ndani ya mwamba maji ni madogo. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa mpaka unaona mchanga mtupu mbele yako. Na hupwa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, watoto wameshamaliza chai wanalilia maji. Saa hizo mama yangu yuko kwenye mwani: maji vifundoni, ameinama anafunga miche kwenye kamba zilizovutwa baina ya vigingi. Wapeleke watoto wakaangalie, ila wasikanyage kamba, ile ni riziki ya mtu. Wavishe viatu, kuna wale viumbe weusi wa baharini wa miiba mirefu. Na maji yakianza kurudi, rudini nayo, msingoje.

Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni habari nyingine kabisa. Asubuhi hiyo hiyo ya saa nne bahari imejaa, na hata ikipwa haiendi mbali. Mtoto anasimama, maji kifuani, chini mchanga, mawimbi yamebaki kule mwambani. Kwa mtoto asiyejua kuogelea sioni pa kushinda hapo.

Kalenda ya Kiislamu ukutani inakutosha: mwanzo wa mwezi na katikati, tarehe 15 au 16, ni bamvu, karibu na tarehe 8 na 23 ni maji mafu.

Likizo yako ikiangukia bamvu, nenda Kendwa. Maji hayakimbii, unaoga saa yoyote. Desemba kaskazi inaanza kuvuma na kuupiga upande wa mashariki wa Nungwi, lakini Kendwa inatazama magharibi, imejikinga. Ila kule kina kinaanza karibu, kwa hiyo mtu mzima awe ndani ya maji pamoja nao, si kwenye kiti.

Paje, jirani zetu huku mashariki, pazuri, lakini upepo ukikolea bahari inajaa watu wanaoteleza wakivutwa na tiara, na zile kamba zao si za kuchezea watoto karibu.

Popote mtakapofikia, mkitoka majini kupita kijijini jifungeni kanga. Basi la Jambiani ni 309, la Nungwi 116. Kendwa unashuka njiani kabla ya Nungwi, unaingia ndani kidogo. Nitajie tarehe zako hapa, nikuangalizie maji.